Nenosiri moja, safari moja: shajara ya kusawazisha saraka ya ofisi na Entra ID

Mimi ni fundi wa mitambo katika chama cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Makao makuu yako katikati ya jiji, na matawi yako Kariobangi, Kawangware na Rongai. Wafanyakazi wenye akaunti ni 163. Kwa miaka mingi kila mmoja amebeba manenosiri mawili: moja la kufungulia kompyuta ya ofisi, linalotunzwa kwenye Active Directory yetu wenyewe (saraka ya akaunti iliyo kwenye seva za ofisi), na la pili la barua pepe, linalotunzwa kwenye wingu la Microsoft, kwenye saraka inayoitwa Entra ID. Wengi waliyaandika kwenye vikaratasi na kuvibandika chini ya kibodi. Mwezi Januari halmashauri iliamua kila mtu awe na nenosiri moja tu.

Katika kikao hicho Mweka Hazina wetu aliniuliza: "Kijana wangu, nikibadilisha nenosiri hapa ofisini halafu liende huko ng'ambo, njiani linaonwa na nani?" Nilimwomba muda nimjibu kwa ushahidi. Naandika kila hatua inapokamilika, makosa yakiwemo na gharama zikiwemo, ili fundi wa chama kingine akitaka kufuata njia hii asirudie niliyoyakosea.

Jumatatu, 3 Februari 2025: kuchagua njia

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kupeleka heshi za manenosiri, yaani manenosiri yaliyosagwa yasisomeke, kwenye wingu. Ya pili ni kuacha manenosiri nyumbani, na kila mtu anapoingia kwenye wingu ajenti, yaani programu ndogo iliyo ofisini, aulizwe kama nenosiri ni sahihi. Ya tatu ni kujenga seva zetu za kuthibitisha utambulisho na kuliambia wingu liziamini.

Ya pili ndiyo iliyopendwa na halmashauri, kwa sababu hakuna kinachohifadhiwa nje. Niliipinga. Mvua za masika zikianza, stima hupotea makao makuu hata mara tatu kwa wiki, na laini ya intaneti nayo hukatika. Ajenti asipopatikana, afisa wa mikopo aliye Kawangware hawezi kufungua barua pepe ingawa tawi lake lina umeme na mtandao. Ya tatu inataka seva zaidi na cheti cha kulindwa kila mwaka, nasi mafundi ni wawili. Tukaafikiana na ya kwanza.

Programu ya kuzipeleka heshi hizo inaitwa Microsoft Entra Connect. Saraka ya wingu ilibadilishwa jina mwaka 2023 kutoka Azure AD kuwa Entra ID, lakini folda na mafaili mengi bado yana jina la zamani, kwa hiyo usishangae.

Kosa la kwanza lilikuja saa ile ile. Seva niliyotaka kuitumia ni ya Windows Server 2012 R2, na matoleo ya sasa ya Entra Connect yanataka 2016 kwenda juu. Hata kama yangekubali, Microsoft iliacha kuihudumia 2012 R2 tarehe 10 Oktoba 2023. Tulinunua mashine iliyotumika, barabara ya Luthuli, kwa shilingi 68,000, na diski ya SSD kwa shilingi 9,500. Leseni ya Windows Server 2022 tulikuwa nayo moja ambayo haijatumika. Betri za UPS zikala shilingi 14,000.

Jumanne, 11 Februari: nenosiri linapita wapi

Kabla ya kusakinisha nilitaka kuielewa safari yenyewe, maana siwezi kumjibu mtu jambo nisilolijua.

Yako maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Kusimba ni kuweka kitu sandukuni na kupiga kufuli: mwenye ufunguo hufungua akakikuta kama kilivyokuwa. Heshi ni kusaga. Mahindi yakishapita kwenye posho, hakuna fundi wa kuurudisha unga uwe mahindi; unachoweza ni kusaga mahindi mengine na kulinganisha unga. Katika kazi hii vyote viwili vipo, kila kimoja na mahali pake.

Seva ya domeini, ile inayotunza Active Directory, haihifadhi nenosiri lenyewe. Inahifadhi heshi yake iliyosagwa kwa algoriti ya MD4, baiti 16. Kila baada ya dakika 2 Entra Connect huiomba seva hiyo mabadiliko ya heshi, ikitumia itifaki ile ile ambayo seva za domeini hutumia kunakiliana. Kabla ya kujibu, seva ya domeini huisimba heshi kwa ufunguo unaotengenezwa kwa MD5, algoriti nyingine ya kusaga, kutokana na chumvi na ufunguo wa kikao cha RPC, yaani mazungumzo ya seva hizo mbili. Chumvi ni tarakimu za kubahatisha zinazochanganywa ndani ili unga wa watu wawili usifanane. Entra Connect hulifungua sanduku hilo, na kwa muda mfupi inakuwa na heshi ya MD4 mkononi.

Kisha inasaga upya. Baiti 16 zinaandikwa kama herufi 32 za heksadesimali, nazo zinageuzwa kuwa baiti 64 kwa usimbo wa UTF-16. Inaongezwa chumvi ya baiti 10, ya kila mtumiaji peke yake. Mchanganyiko huo unapitishwa kwenye PBKDF2, njia ya kusaga tena na tena, kwa mizunguko 1,000 ya algoriti ya HMAC-SHA256. Kinachotoka ni baiti 32. Hizo, pamoja na chumvi na idadi ya mizunguko, ndizo zinazosafirishwa hadi Entra ID ndani ya mfereji wa TLS, yaani njia ya mtandao iliyosimbwa. Mtu akiandika nenosiri lake kwenye wingu, Entra ID hulipitisha hatua zile zile na kulinganisha matokeo.

Nilijaribu mwenyewe kwa Python nikitumia nenosiri la uongo kwa watumiaji wawili wa majaribio. Maktaba ya kawaida ilikataa MD4, kwa kuwa OpenSSL 3 imeihamishia kwenye kapu la algoriti za zamani, nikatumia PyCryptodome. Heshi za MD4 za watumiaji wale wawili zilifanana herufi kwa herufi, kwa sababu MD4 ya Windows haina chumvi. Baada ya PBKDF2 hazikufanana hata kidogo.

Jaribio hilo dogo ndilo lililobadilisha mawazo yangu kuhusu mradi huu. Heshi ya MD4 ni hatari hata bila kuvunjwa, kwa sababu mwizi anaweza kuiwasilisha yenyewe ndani ya mtandao wetu akaingia kama mwenyewe. Ile inayofika kwenye wingu haiwezi kutumika hivyo. Kwa hiyo mahali pa kuogopa si baharini, kwenye kebo za kwenda ng'ambo. Ni hapa hapa, kwenye chumba chetu cha seva, pale sanduku linapofunguliwa.

Jambo moja sikulipenda. Mizunguko 1,000 ni michache kwa viwango vya leo; OWASP, shirika la usalama wa programu, hupendekeza 600,000 kwa PBKDF2 yenye HMAC-SHA256. Idadi hiyo hatuwezi kuibadilisha sisi. Tunachoweza kubadilisha ni nenosiri lenyewe, kwa hiyo nimeomba urefu wa chini upande kutoka herufi 8 hadi 14. Halmashauri imekubali.

Jumatano, 19 Februari: watumiaji wamefika, manenosiri hayakufika

Usakinishaji wenyewe ni wa kubonyeza vitufe, sitauelezea. Watumiaji wa majaribio walionekana kwenye wingu baada ya nusu saa. Nikajaribu kuingia kwa nenosiri la ofisi, nikakataliwa.

Nilipoteza siku nzima nikichunguza fayawoli. Jibu lilikuwa kwenye kumbukumbu za matukio za seva yenyewe: tukio namba 611, na ndani yake kosa la RPC 8453, kwamba ruhusa ya kunakili imekataliwa.

Usakinishaji wa haraka huunda wenyewe akaunti inayoanza na MSOL_ na kuipa ruhusa zote inazohitaji. Mimi nilichagua usakinishaji wa hatua kwa hatua, nikaunda akaunti yangu, nikaipa ruhusa ya "Replicating Directory Changes" peke yake nikidhani inatosha. Hiyo husoma taarifa za kawaida tu. Heshi zinataka na ya pili, "Replicating Directory Changes All". Majina yanafanana kiasi kwamba jicho lililochoka haliioni tofauti.

Dawa: fungua PowerShell kwenye seva ya Entra Connect, pakia moduli ya ADSyncConfig, endesha `Set-ADSyncPasswordHashSyncPermissions` ukiitajia akaunti ya kiunganishi, yaani ile niliyoiunda. Subiri seva zako zote za domeini zinakiliane. Ukianza kuona tukio 656 likifuatwa na 657 lenye neno la mafanikio, manenosiri yameanza kusafiri.

Jumatano, 26 Februari: nani mwingine ana ruhusa hii?

Baada ya kutoa ruhusa ile nilikaa nikaifikiria. Nimeipa akaunti moja uwezo wa kuiomba seva ya domeini heshi za watu wote, akiwemo Mwenyekiti, akiwemo mimi. Kuna shambulio linalojulikana kama DCSync, na kazi yake ni hiyo hiyo: mwizi mwenye ruhusa hizo mbili hujifanya seva ya domeini na kuomba nakala. Havunji chochote. Anaomba, anapewa.

Nikauliza saraka nani mwingine ameandikwa. Amri ni fupi:

`dsacls "DC=chama,DC=local" | findstr /i "Replicating"`

Weka jina la domeini yako. Vikundi vya kawaida vya Windows vilikuwepo, akaunti yangu mpya ilikuwepo, na palikuwa na akaunti moja zaidi. Ilikuwa ya programu tuliyoitumia zamani kuhamisha barua pepe. Programu iliondolewa, akaunti ikabaki. Nenosiri lake halikubadilishwa tangu mwaka 2017, na liliandikwa kwenye hati ya makabidhiano iliyo kwenye folda ambayo kila mfanyakazi wa ofisi yetu angeweza kuisoma.

Hatukuwa tumewasha ukaguzi wa saraka, kwa hiyo hakuna kumbukumbu ya kuonyesha kama iliwahi kutumiwa. Tukaamua kufanya kana kwamba ilitumiwa. Akaunti ilizimwa na ruhusa ikafutwa siku hiyo hiyo. Nenosiri la akaunti ya krbtgt, ambalo tiketi zote za Kerberos (vibali vya kuingia ndani ya domeini) hutegemea, tulilibadilisha mara mbili, tukiacha zaidi ya saa 10 katikati ili tiketi zilizokwisha kutolewa zimalize muda wake. Ukiharakisha mara ya pili, watu wote hutolewa nje kwa pamoja. Kisha kila mfanyakazi alibadilisha nenosiri, na hapo ndipo kanuni ya herufi 14 ilipoanza. Matawi yalilalamika. Niliwaelewa, lakini sikulegeza.

Sasa ukaguzi umewashwa. Kila ombi la aina hiyo huacha tukio 4662 kwenye seva ya domeini likiwa na namba `1131f6ad-9c07-11d1-f79f-00c04fc2dcd2`, ambayo ndiyo ruhusa ile ya "All". Mwombaji akiwa si seva ya domeini wala akaunti yetu ya kiunganishi, mimi na mwenzangu tunapata ujumbe kwenye simu.

Ukinakili jambo moja tu kutoka shajara hii, nakili amri ile ya dsacls. Haihitaji kununua chochote.

Jumatano, 5 Machi: nilipojaribu kuongeza usalama nikasimamisha kazi

Wakaguzi wa nje walituma orodha ya mambo ya kukaza kwenye seva. Mojawapo ni sera ya FIPS, inayolazimisha Windows itumie algoriti zilizoidhinishwa na serikali ya Marekani peke yake. Niliiwasha kwenye seva zote jana jioni kupitia sera ya kikundi, bila kujaribu kwanza kwenye moja.

Leo saa mbili na nusu asubuhi karani wa Kariobangi alibadilisha nenosiri. Kompyuta ikamkubali, barua pepe ikamkataa. Saa nne walikuwa wamefika saba. Mwenzangu wa zamu amefunga, naye ndiye aliyebaki kwenye simu akiwatuliza watu mmoja mmoja mimi nikiwa chumba cha seva. Namshukuru hapa.

Tukio lilikuwa lile lile 611, lakini maelezo yalikuwa mapya: kwamba algoriti inayotumika haimo kwenye zile zilizothibitishwa kwa FIPS. Nikakumbuka niliyoandika tarehe 11 Februari. MD5! Sanduku ambalo seva ya domeini huifungia heshi linategemea MD5, na FIPS huikataza. Entra Connect ilipotaka kulifungua, Windows iliikatalia.

Dawa ni mstari mmoja. Fungua faili `miiserver.exe.config` lililo katika `C:\Program Files\Microsoft Azure AD Sync\Bin`, tafuta sehemu ya `runtime` kuelekea mwisho, ongeza:

`<enforceFIPSPolicy enabled="false"/>`

Hifadhi, anzisha upya huduma ya ADSync. Nakili faili la awali kwanza. Sera ya FIPS inabaki kwa seva nzima; programu hii pekee ndiyo inayosamehewa. Baada ya kila toleo jipya la Entra Connect nitakagua kama mstari bado upo.

Mkaguzi aliponisikia nataja MD5 alishtuka, na alikuwa na haki. MD5 ilishavunjwa miaka mingi, hakuna fundi anayepaswa kuitumia kwa kazi mpya. Nilimwonyesha mchoro: hapa haigusi safari ya kwenda kwenye wingu kabisa, ipo kati ya seva ya domeini na Entra Connect tu, kwa sababu itifaki ya kunakiliana iliandikwa hivyo na kila seva ya domeini inapaswa kuielewa. Hatuwezi kuiondoa. Lakini hoja yake ilinipa kazi: ikiwa sanduku la hapo katikati lina kufuli dhaifu, basi njia hiyo iwe fupi na isiwe na wapita njia. Seva ya Entra Connect ilikuwa kwenye mtandao mmoja na printa na kompyuta za makarani. Nimeihamishia kwenye VLAN, yaani mtandao uliotengwa, ya seva za domeini. Fundi wa kebo alilipwa shilingi 15,000.

Alhamisi, 13 Machi: cheti kisichokuwa cha Microsoft

Hili lingenipita kabisa, maana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Nilikuwa natayarisha ushahidi wa Mweka Hazina: picha ya skrini inayoonyesha kwamba seva yetu inazungumza na Microsoft kwa TLS 1.2. Nikafungua kivinjari kwenye seva hiyo, nikaenda `login.microsoftonline.com`, nikabonyeza alama ya cheti. Mtoaji wa cheti alikuwa fayawoli yetu.

Mwaka juzi tuliwasha ukaguzi wa TLS kwenye fayawoli ili inase virusi. Fayawoli hukaa katikati: huufungua mfereji unaotoka kwenye kompyuta, husoma, kisha hufungua mfereji mwingine kuelekea nje. Kompyuta haziulizi kwa sababu tumeziambia ziamini cheti chake. Kwa karani anayesoma gazeti sawa. Kwa seva inayobeba heshi za watu 163, maana yake ni kwamba mfereji nilioutolea hotuba kwenye kikao ulikuwa unaishia mita tatu kutoka ilipo seva. Aliye na nywila ya fayawoli, akiwemo mkandarasi anayeihudumia kutoka nje, angeweza kuona yaliyomo.

Aliyoweza kuyaona ni zile baiti 32 zilizokwisha sagwa kwa chumvi, si heshi ya MD4, wala si nenosiri. Hapo niliona faida ya kusaga kwanza ndipo kusafirisha: mfereji ukitobolewa, kilicho ndani bado kina ganda lake. Hata hivyo sikutaka libaki. Nimeiondoa seva hiyo kwenye ukaguzi wa TLS, kwa anwani za Microsoft zinazohitajika peke yake, zikiwemo `login.microsoftonline.com` na `adminwebservice.microsoftonline.com`, nikaizuia isitoke kwenda kwingine kokote. Nimefuta pia cheti cha fayawoli kwenye orodha ya vyeti inavyoviamini, ili mtu akirudisha ukaguzi kwa bahati mbaya, usawazishaji usimame na tujue.

Angalia cheti kutoka kwenye seva yenyewe. Kompyuta yako ya mezani inaweza kuwa na njia nyingine.

Alhamisi, 20 Machi: mfanyakazi mpya

Wengine wanaingia vizuri. Mfanyakazi mpya ndiye aliyekwama. Tulimpa nenosiri la muda na kuweka alama kwamba alibadilishe atakapoingia mara ya kwanza. Nenosiri lenye alama hiyo halisafirishwi kwa kawaida. Kuna kipengele cha kulisafirisha, lakini kinataka uwezo wa kurudisha manenosiri kutoka kwenye wingu hadi ofisini, nao una leseni ya kulipia kwa kila mtu kila mwezi. Tumeamua mfanyakazi mpya aanze siku ya kwanza kwenye kompyuta ya ofisi, abadilishe hapo, asubiri dakika chache. Haigharimu kitu.

Alhamisi, 27 Machi: mkataba umekwisha, mlango uko wazi

Leo asubuhi nilipigiwa simu na kijana aliyekuwa nasi kwa mkataba, uliokwisha tarehe 21. "Kaka, bado naona barua za ofisi kwenye simu yangu. Nimeona nikuambie." Uaminifu wake umetuokoa, na barua ya shukrani iko njiani.

Kosa ni letu. Akaunti za mikataba tunaziwekea tarehe ya mwisho kwenye Active Directory, na kompyuta ya ofisi ilimkataa tarehe 22 kama ilivyopaswa. Lakini tarehe hiyo ya mwisho haipelekwi Entra ID. Heshi yake ilikuwa bado iko kule, halali, kwa siku sita. Tena kuna pacha wa tatizo hilo: kwa mtumiaji ambaye nenosiri lake linasawazishwa, wingu kwa kawaida huliweka kuwa lisiloisha muda. Nenosiri lililoisha muda ofisini huendelea kufungua barua pepe.

Kwenye sanduku lake la barua palikuwa na fomu za mikopo zenye namba za vitambulisho vya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatutaka tumjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu kujua, taarifa za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakiwa na hatari ya kweli ya madhara. Tulikaa na wakili wa chama saa hiyo hiyo. Toleo la bure la Entra ID hutunza kumbukumbu za kuingia kwa siku 7 tu. Tulikuwa siku ya sita. Tulizipakua mara moja kabla hazijafutika. Zilionyesha simu yake peke yake, naye alikuja ofisini tukaifuta akaunti mbele yake. Uamuzi wa wakili na sababu zake umeandikwa na kuwekwa kwenye faili.

Marekebisho ni matatu. Kila usiku skripti hutafuta akaunti zilizopita tarehe na kuzizima kabisa, kwa sababu kuzimwa husawazishwa:

`Search-ADAccount -AccountExpired -UsersOnly | Disable-ADAccount`

Pili, tumewasha kipengele cha `CloudPasswordPolicyForPasswordSyncedUsersEnabled` ili muda wa manenosiri ufuatwe hata kwenye wingu. Ingekuwa rahisi zaidi kukiwasha kabla ya kuanza, maana akaunti zilizokwisha sawazishwa hubaki na alama ya zamani hadi mtu abadilishe nenosiri.

Tatu, tumeandika utaratibu wa dharura. Nenosiri jipya husafiri ndani ya dakika 2, lakini kuzimwa kwa akaunti husubiri mzunguko wa dakika 30. Mtu akiachishwa kazi kwa ghafla, zima, endesha `Start-ADSyncSyncCycle -PolicyType Delta`, kisha ufute vikao vyake kwa `Revoke-MgUserSignInSession`. Ukiruka la mwisho, simu yake huweza kuendelea kwa tokeni, yaani kibali cha kuingia, aliyokwisha pewa.

Jumanne, 8 Aprili: seva yenyewe

Entra Connect huweka nenosiri la akaunti ya kiunganishi kwenye hifadhidata yake likiwa limesimbwa, lakini funguo za kulisimbua ziko kwenye mashine hiyo hiyo. Mwenye mamlaka ya msimamizi juu ya seva hii anaweza kulitoa, na zana za kufanya hivyo ziko wazi kwa kila mtu. Akishalipata, ana ruhusa ya kuomba heshi zote. Kwa hiyo seva hii lazima ilindwe sawasawa na seva ya domeini yenyewe.

Niliandika sentensi hiyo kwenye sera, halafu nikagundua kwamba nakala rudufu ya seva hiyo hiyo ilikuwa inakwenda kila usiku kwenye hifadhi ya pamoja, ambayo wanafunzi wa mafunzo ya kazi wanaifungua kuchukua programu za kusakinisha. Nakala nzima, na funguo ndani. Tumeifuta, na nakala mpya inakwenda pamoja na zile za seva za domeini, ikiwa imesimbwa.

Mengine kwa ufupi: diski imesimbwa kwa BitLocker ya Windows, wasimamizi wamebaki wawili, na hakuna anayeingia kwa akaunti yake ya kila siku. Akaunti za usimamizi wa wingu haziko kwenye Active Directory kabisa, ili aliyeteka ofisi asiteke wingu. Zinafunguliwa kwa funguo za FIDO2, vifaa vidogo vya kuthibitishia utambulisho, mbili, shilingi 5,500 kila mmoja.

Jumanne, 15 Aprili: kikao cha halmashauri

Watu wote 163 wanatumia nenosiri moja tangu wiki iliyopita. Gharama yote: mashine 68,000, diski 9,500, betri 14,000, kebo 15,000, funguo 11,000, nauli za kwenda matawini 4,200. Jumla shilingi 121,700.

Nilimwonyesha Mweka Hazina heshi za watumiaji wa majaribio kwenye karatasi, kabla na baada ya chumvi, na picha ya cheti, safari hii cha Microsoft wenyewe. Alisoma polepole, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo njiani halionwi. Na huyo anayeweza kuingia kwenye hiyo mashine yenu, yeye je?"

Nilimjibu kwamba ni watu wawili, na kwamba mmoja ni mimi. Ameagiza majina yetu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao na orodha ile ya dsacls iletwe mbele ya halmashauri kila robo mwaka. Nenosiri la dharura la seva liko kwenye bahasha iliyotiwa lakiri, ndani ya kasiki anayoshika ufunguo wake yeye. Orodha ya kwanza naipeleka Julai.